Mitungi Iliyoshushwa Kwenye Ndege

Wiki jana nilikuwa nasubiri begi langu kwenye uwanja wa ndege Nairobi, mwanamke mmoja akapita mbele yangu na mtungi wa plastiki wa njano. Ile harufu ya maziwa ya ngamia yaliyotiwa moshi ikanifikia. Begi nililisahau. Ninyi mnaopanda ndege kwa starehe mtanicheka, lakini harufu hiyo hunirudisha Wajir, nikiwa na miaka saba, nimeng'ang'ania gauni la mama.

Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, ya kuleta miraa. Ikishamwaga magunia yake, ilirudi Nairobi na abiria wachache pamoja na mitungi ya maziwa ya akina mama wa kundi moja waliouza maziwa huko. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Asubuhi ile, mbali na mtungi wake, alikuwa amembeba mdogo wangu Yusuf. Tumbo la Yusuf lilikuwa limevimba likakaza kama ngoma, na daktari alisema apasuliwe Nairobi, tena upesi. Barabara ya Garissa ilikuwa imekatwa na mafuriko. Baba alikuwa Liboi na mifugo, simu yake haishiki. Ilibaki ile ndege tu, nayo ilikuwa imejaa.

Mpimaji wa mizigo alikuwa mwanamume mnene ambaye alipima watu wote, ila yeye mwenyewe sikumwona akipanda mizani hata siku moja. Alimpandisha mama na Yusuf kwenye mizani ya magunia, akatikisa kichwa. Mama akavua viatu, akapanda tena. Akaweka kando kifurushi cha nguo. Akavua hata shela lake kubwa, mama ambaye hakuwahi kutoka mlangoni bila hilo shela. Ningecheka kama nisingeona jinsi alivyomshika Yusuf.

"Mama, viatu si kitu," mpimaji alisema kwa huruma. "Uzito umezidi. Rubani hawezi kuruka."

Mama alikimbia akashusha mtungi wake uliokwisha kupakiwa ndegeni. Haukutosha. Akakaa mchangani na Yusuf mapajani. Yusuf alikuwa ameacha hata kulia, na mimi nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Ndipo Eddo Halima, dada ya baba na kiongozi wa kundi, alipoingia ndani ya ndege bila kuomba ruhusa, akaanza kuvuta mitungi.

"Hii maziwa yote nashuka," alimwambia mpimaji kwa lafudhi yake ya Kisomali, inayogeuza p kuwa b. "Huyu mama nabanda na mtoto. Wallahi, kama habandi, mimi nalala hapa mbele ya tairi, na ndege yako haiendi."

Wenzake walitazamana kidogo, kisha kila mmoja akaenda kushusha wake. Mama alijitupia shela, akapanda, na viatu vyake vikabaki mchangani karibu na mizani.

Ulikuwa msimu wa mvua. Kila nyumba Wajir ilikuwa na maziwa yake, kwa hiyo hapakuwa na wa kununua. Jua lilipokuwa kali, Eddo aliwaita watoto wote wa mtaa wanywe kabla hayajaharibika. Nilikunywa hadi tumbo likauma. Nilidhani ni karamu ya kumshangilia Yusuf kwa kupanda ndege, nikawaringia wenzangu mchana kutwa.

Siku chache baadaye mama alirudi kwa ndege ileile, mikono mitupu. Yusuf alikuwa amezikwa Nairobi. Akina mama walikuja wote kumpokea, Eddo akiwa amemletea vile viatu, akainama akamvisha mwenyewe. Wao hawakutaja habari ya maziwa siku ile, wala siku nyingine yoyote.

Kwa miaka mingi jambo hilo liliniuma. Nilipokuwa mkubwa nilimwambia mama: mitungi yote ile, na bado tukampoteza. Ilikwenda bure.

Mama alinikazia macho. "Bure?" alisema. "Yusuf alifia mikononi mwa daktari, watu wakihangaika kumwokoa. Angefia pale mchangani, mbele ya mizani, mimi ningekuwa nimekaa palepale mpaka leo."

Wale akina mama walilijua hilo kabla ndege haijaruka. Mimi nilikuwa nakunywa tu.