Waliokunja Mikono Kashikishi

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, na ikinijia nakaa chini hata kama nilikuwa natembea. Ilikuwa miaka ya hamsini ikielekea mwisho, wakati wa kampeni. Nilikuwa kijana wa chama, mwenye mdomo. Chama chetu na kile kingine vilikuwa vimeigawana Kashikishi nzima, mji wetu huu wa wavuvi, hata sokoni wao walikuwa na upande wao na sisi wetu. Na kura yenyewe, nikwambie ukweli, wengi wetu wazungu hawakuturuhusu kuipiga.

Hapa ziwani, mtumbwi ukiingia na mawimbi makubwa, yeyote aliye ufukweni huingia majini mpaka kiunoni, akaushika kichwa usipinduke. Huulizi ni wa nani. Mimi ndiye niliyesimama mkutanoni nikasema: kuanzia leo, mtumbwi wa wale hatushiki. Wakanipigia makofi. Sikusoma sana, lakini siku ile nilijiona mwalimu.

Wiki haikuisha. Nilikuwa Chienge, kaskazini mwa ziwa, na mke wangu, Bana Chanda, yaani mama wa Chanda, homa imemshika vibaya, natafuta chombo cha kumrudisha nyumbani. Hakukuwa na kingine ila mtumbwi wa mzee Mwansa, mtu wa chama kile. Nilikuwa nimemwita mbwa wa wazungu mbele ya wajukuu wake. Alituangalia, akasema tu, "Pandeni. Mugonjwa akae katikati."

Tulipokaribia Kashikishi upepo ukageuka, mawimbi yakatushika kwa nyuma. Ufukweni nikawaona wenzangu. Nitawataja: Chisala, mwenyekiti wetu. Kabwe. Mulenga, niliyekula naye sahani moja. Nikapiga kelele, "Ni mie! Niko na bibi yangu! Mushike mutumbwi!"

Walinijua. Hilo ndilo linalonishtua mpaka leo.

"Mutumbwi ya bale, hatushike!" Chisala akajibu, mikono kifuani. "Si ni weye ulisema?"

"Kadi ya chama ya tata imushike!" Kabwe akaongeza, akimnyooshea mzee Mwansa kidole, wakacheka. Kicheko kile nilikijua. Mimi niliwafundisha.

Mtumbwi ukalala ubavu, ukapinduka, karibu kiasi cha kuyaona meno yao. Maji yakatuvuta nyuma kwenye kina. Mzee Mwansa alimshika mke wangu kwapani, akamsukuma kwangu wimbi baada ya wimbi, mpaka miguu yangu ikagusa mchanga. Nilipogeuka kumpa mkono yeye, hayupo. Hapo ndipo Mulenga alipoingia majini, analia. Analia nini sasa?

Mke wangu alipona. Chisala alipata cheo. Kabwe ana duka, ananisalimia vizuri tu. Nilikwenda kwa mjane wa mzee nikitegemea anifukuze. Akaniuliza, "Bibi yako anakula sasa?"

Basi, mwanangu, shika chama unachotaka. Imba, bishana mpaka sauti ikauke. Lakini ukimwita mpinzani wako mbwa, unawafundisha wanaokusikiliza kumwacha afe, na wakishajifunza hawatachagua tena nani wa kumwacha. Mtu wa upande ule akiwa kwenye hatari, msaidie kwanza. Usingoje mwenyekiti akuruhusu, na akikukataza, mkatae mbele ya watu wote. Mimi sikuwa na mwenyekiti wa kumkataa; katazo lile nililitoa mwenyewe.

Mungu akulinde, mwanangu, nchi kavu na majini. Akupe majirani watakaokunyooshea mkono kabla ya kukuuliza jina, na akufanye uwe jirani wa namna hiyo.