Kabureta ya Baba Iko Gachoka

Leo nimeiona kabureta niliyotafuta mwaka mzima, na nimerudi nyumbani mikono mitupu.

Mnaijua ile pikipiki ya baba ya magurudumu matatu, ya kitambo, aliyobebea kahawa mpaka akafariki. Fundi wa hapa Nkubu aliniambia injini imekufa kabisa. Nikakata tamaa, nikamwambia atoe kabureta ampe yeyote mwenye shida.

Halafu fundi mwingine akaifufua injini! Ikabaki kabureta tu.

Wueh. Nimeulizia kila mahali. Jana nikaambiwa kuna mzee huko Gachoka ana mashine kama hiyo. Asubuhi nikafunga safari.

Mzee akanikaribisha vizuri, nikamweleza nami nina kama hiyo, imelala nyumbani. Akapiga kiki moja tu, ikanguruma.

Nikainama kuangalia.

Kabureta imefungwa na waya ya redio, mafundo matatu.

Hayo mafundo ni ya baba. Mimi ndiye nilimshikia koleo akiyafunga.

Nikafungua mdomo niiombe. Mzee naye anapakia mitungi ya maji, anaongea tu.

"Mama Kendi, wacha nikuambie, mke wangu aliumia mgongo. Bila hii mashine, hapa hatungekuwa na maji."

Badala ya kuiomba, nikamsaidia kupakia mitungi.

Nikiaga, akanisindikiza mpaka kwa geti. Akaniuliza kwa upole kabisa, jamani, kwa upole:

"Na hiyo yako, kwa vile imelala tu, si unipatie magurudumu?"

Nimemwambia nitafikiria. Nyinyi mngemjibu nini?