Mkwe Asiyeshuka Baiskeli

Kati ya Kilosa na kijiji kinachoitwa Ulaya kuna njia ya baiskeli ambayo magari hayaijui. Inaiacha barabara kubwa, inapanda juu ya tuta linalotenganisha majaruba ya mpunga na bwawa la matete, halafu inakwenda moja kwa moja, maji huku na maji huku. Hakuna mlima hata wa kumtoa mtu jasho. Ukiianza asubuhi unamwona mtu anayekuja mbele yako kabla hujajua ni mwanamume au mwanamke. Mimi nimeipita mara nyingi, maana sina tabia ya kukaa mahali pamoja. Binti yangu yuko Msowero, mwanangu yuko Kidodi kwenye miwa, na miguu yangu bado inakubali kukanyaga pedali, namshukuru Mungu. Njia hiyo ndiyo iliyonipa rafiki, Ditram, muuza kambale.

Ditram ana miaka thelathini na kitu. Babu yake aliletwa huku kukata mkonge, baba yake alikuwa mtu wa reli, naye akaenda Kidodi akiwa kijana kupakia miwa. Huko alianguka kutoka juu ya lori lililojaa. Mguu wa kulia ulipona, lakini goti halikunjiki tena mpaka leo. Umenyooka kama mpini wa jembe. Nilimuuliza siku moja kama haoni uchungu moyoni.

"Babu," akasema, "ningeangukia kichwa, leo ungekuwa unamuuliza nani?"

Fundi mmoja wa Kilosa alimng'olea pedali ya kulia, akamchomelea chuma mbele cha kuegesha ule mguu. Pedali ya kushoto akaifunga ukanda wa mpira wa tairi, ili mguu mzima usukume na kuvuta peke yake. Kwa mguu mmoja mlima haupandiki, ndiyo maana Ditram anaipenda njia ya tuta. Anapita na tenga la kambale wakavu nyuma, na harufu yake inafika kabla yake.

Ila tambarare nayo ina shida yake. Ditram hawezi kupanda wala kushuka baiskeli mahali patupu. Anataka kitu kirefu cha kukanyagia, kichuguu, gogo au kingo ya kalavati. Akisimama pasipo na kitu, anaanguka yeye na samaki wake. Kwa hiyo wateja walizoea kumngojea kwenye vituo hivyo. Na kwenye kalavati moja karibu na Ulaya kulikuwa na mteja aliyenunua samaki mmoja tu kila siku ya gulio, wakati wenzake wananunua fungu. Huyo ndiye Agatha.

"Kwa nini hununui fungu ukamaliza?" Ditram alimuuliza.

"Nikinunua fungu, gulio lijalo nitakuja kufanya nini hapa?"

Ditram alinihadithia maneno hayo zaidi ya mara moja, kila mara anacheka peke yake.

Baba yake Ditram amekwisha kufariki, basi akaniomba mimi niwe mshenga wa kumposea Agatha. Nilipeleka neno, nyumba ile ikajibu: njooni Jumapili baada ya misa, na kijana mwenyewe tumwone. Njiani Ditram akanipa sharti moja.

"Babu, mguu usiutangulize. Wanijue mimi kwanza. Ukianza na mguu, watanihurumia, na mimi siendi kuomba huruma."

Nikakubali.

Usiku wa kuamkia siku ile mvua ilikuwa imenyesha, tuta linateleza. Tulipofika katikati, mnyororo wangu ukatoka. Ditram hawezi kusimama pale, nikamwambia, "Tangulia, nisubiri kwenye kalavati." Akaenda na shati lake jeupe, limepigwa pasi mpaka mikono.

Sasa hapa lazima nieleze jambo ambalo wa kwetu wanalijua. Kijana akikutana na mkubwa njiani, anashuka baiskeli ndipo anatoa shikamoo. Kumwamkia mzee huku umekaa juu ya siti ni sawa na kumrushia salamu kama unamrushia mbwa mfupa. Nilipomfikia pale kalavati nilimkuta amenyong'onyea.

"Nimempita mzee mmoja na jembe begani," akasema. "Alinipisha, akasimama akingoja nishuke. Pale hapana hata kisiki, babu. Nimeinamisha kichwa nikasema shikamoo. Hakuitika."

"Ni nani?"

"Simjui. Kakatia njia ya shambani."

Tukafika. Mama yake Agatha akatupokea vizuri, akatuketisha barazani. Ditram alishukia kwenye rundo la matofali pembeni ya uwanja, akaingia akichechemea, mama akamtazama. Tukaambiwa baba alipitia shamba kuzibua maji, yuko njiani. Mara akatokea nyuma ya nyumba mtu mrefu, jembe begani, matope mpaka magotini. Nilimtazama Ditram. Uso wake ukanijibu.

Mzee Mathias, baba yake Agatha, naye akamtambua. Na kibaya zaidi, alimkuta amekaa, mguu umenyooshwa mbele kumwelekea yeye.

"Aa," akasema. "Mkuu wa wilaya amefika. Tena amenyoosha na miguu apumzike."

"Shikamoo, baba," Ditram akasema.

Mathias hakuitika. Akanigeukia mimi. "Mzee mwenzangu, karibu sana. Wewe sina neno nawe. Lakini huyu amenipita tutani kama analipita gogo. Binti yangu nimemfundisha shikamoo kabla sijampa maziwa. Nimpeleke kwa mtu asiyejua kushuka?"

Nikafungua mdomo. Ditram akanishika mkono. "Babu, niache."

Agatha alikuwa mlangoni pa jiko. "Baba, huyo..."

"Wewe leo husemi mpaka uulizwe!" mama yake akamkatiza.

Mathias akaegemeza jembe ukutani. "Kama anaitaka nyumba hii, arudi njiani, aingie upya, anisalimie kama watu wanavyosalimia. Nikimaliza kunawa nimkute anakuja. La sivyo, njia mnaijua." Akaenda uani.

Nilimsindikiza Ditram mpaka kwenye matofali. Nikamwambia twende zetu, au aniruhusu niseme. Akatikisa kichwa. Akakanyaga matofali, akapanda, akazunguka nje ya ua. Kama angekataliwa siku ile, asingeomba tena popote, hilo nililijua bila kuambiwa.

Mathias akatoka na kusimama katikati ya uwanja, mikono nyuma. Uwanja ule umefagiwa, hauna hata jiwe. Ditram akaja taratibu, akafika mbele yake, akafunga breki. Baiskeli ikasimama kidogo kama inafikiri, kisha ikalala ubavu, naye chini yake, shati jeupe lote kwenye matope.

"Shikamoo, baba," akasema akiwa palepale chini.

"Kijana, umelewa?"

"Sijalewa, baba. Uliniambia nishuke. Mahali patupu, hivi ndivyo ninavyoshuka."

Mathias akainama kuivuta baiskeli. Haikutoka. Akaona mguu umefungwa kwenye pedali kwa mpira. Akatafuta pedali ya pili, hakuiona. Akaweka kiganja juu ya goti la kulia, akalibonyeza.

"Hili?"

"Halikunjiki."

"Toka lini?"

"Toka nikiwa kijana, Kidodi."

Alikaa amechuchumaa pale mpaka kuku wakaanza kutusogelea. Kisha akaufungua ule mpira kwa vidole vyake mwenyewe, akampa Ditram bega ainukie.

"Marahaba," akasema. Halafu akaongeza, "Na ile ya kule tutani, marahaba."

Nadhani nililia. Nilisingizia moshi wa jiko.

Mathias akanikuta nafuta macho. "Na wewe mshenga gani wewe? Mdomo uliuacha kwenye misa?"

"Nilikatazwa, mzee mwenzangu."

"Unakatazwa na mtoto, unakatazika!" Lakini alikuwa anacheka. Akamwambia Ditram, "Sikiliza. Ukinikuta tutani, au popote, usishuke. Umesikia? Wewe piga kengele, toa salamu, nenda. Nitaitika. Na atakayekusema vibaya, mwambie aje kwangu."

Agatha akaitwa. Akaja amejifunika khanga vizuri, macho chini, kama inavyotakiwa.

"Hawa wageni," baba yake akauliza, "unawafahamu?"

"Namfahamu mmoja," akasema. "Ananiuzia kambale."

"Wanakuja kuchukua mtu hapa. Tuwape?"

Akasema kwa sauti ndogo, "Wapeni, baba. Nimechoka kununua mmoja mmoja." Mama yake akampiga kofi la mgongo, na palepale akapiga vigelegele.

Tulikula wali na maharage. Mimi nimekula kwenye nyumba nyingi za nchi hii, na kwa kila sahani nimeshukuru, lakini ile bado naionja. Shati la Ditram likafuliwa, halikukauka. Mathias akaingia ndani akatoka na shati lake la kijivu, pana, la kwendea kanisani, akamvalisha mwenyewe na kumfungia vifungo kama mtoto anayekwenda shule. Jioni tuliporudi kwa njia ya tuta, upepo unalijaza lile shati, nilikuwa nyuma yake namwona mkubwa kuliko alivyo.

Walifunga ndoa baada ya mavuno, na mimi nina pa kulala Ulaya kila nikipita. Shati lile Ditram hakulirudisha, na Mathias mpaka leo hajaliulizia.