Taa za Gari ya Papa

Gari ya mume wangu iko na taa za manjano, na nimekataa zisuguliwe. Majirani wanacheka. Juzi mume wangu alirudi na msasa na dawa ya meno, akaviweka mezani. Nikavichukua, nikavificha chini ya kitanda. Anajua kwa nini.

Papa alikuwa shofere hapa Baraka. Alikuwa na taksi yake mwenyewe, nyeupe, iliyovushwa ziwa kutoka Kigoma. Wakati wa vita, watu wa bunduki walinyang'anya kila gari iliyowapendeza, na mara nyingi waliichukua pamoja na shofere wake, maana wao hawakujua kuendesha. Basi Papa akaiacha yake izeeke. Matope hakuyaosha, mlango wa nyuma aliufunga kwa kamba, na taa za mbele, zile za plastiki, zikageuka manjano kama macho ya mgonjwa wa ini. Kwenye bariere ya njia ya Nundu, pale barabara imefungwa kwa kamba, basoda, hao wa bunduki, walimcheka: "Muzee, gari yako iko mugonjwa, peleka yeye hospitali!" Papa anacheka nao, wanashusha kamba, anapita. Akifika nyumbani anatuambia, "Leo tena wamenitukana. Mungu asifiwe."

Kisha nikaposwa Nundu. Kwetu baba hampeleki binti yake kwa mume, hiyo ni kazi ya mashangazi. Lakini mimi nilikuwa binti yake wa pekee, na Papa hakutaka kabisa kubaki nyumbani siku ile.

"Mi siendi kama baba," alisema. "Naenda kama shofere. Nani atakataza shofere?"

Mashangazi walicheka mpaka wakashika mbavu. Wakamkubalia.

Siku ya kuamkia ndoa, jua likiwa kali, nikamkuta amechuchumaa mbele ya gari na beseni la maji. Matope ameshayaosha, sasa alikuwa anasugua taa.

"Papa, unafanya nini?"

"Mutoto wangu hatashuka mbele ya bakwe zake kwenye gari ya macho ya manjano. Watasema tumemutupa."

"Papa, acha. Na basoda?"

"Basoda wamenizoea. Hata hawaangalie gari yangu tena."

Alikuwa amepita pale mara nyingi sana, wakicheka pamoja, hata akaamini wanampenda. Mama alitoka jikoni, akamgombeza, akamwambia anatafuta kifo kwa mikono yake. Papa akaendelea kusugua. Mama akarudi ndani, akaupiga mlango.

Nilikasirika mimi pia. Lakini kumtazama amepiga magoti kwenye mchanga kwa ajili yangu, nilishindwa. Nikakunja kikwembe changu, nikakaa mbele ya taa ya kushoto. Unalowesha msasa, unasugua, maji meupe yanachuruzika kama maji ya mchele. Ukimaliza na msasa mkali unachukua ule laini, halafu dawa ya meno na kitambaa. Mimi nilikandamiza sana msasa ule mkali, nikaacha mkwaruzo pembeni, umepinda kama ndoana.

"Aka! Umeniharibia gari!" Papa alicheka. "Basi hii jicho ni yako."

Akafuta povu la mwisho. Taa zikang'aa, uliweza kuona mpaka ndani kabisa, balbu na vyote. Papa akasimama mbali kidogo kuzitazama, mikono kiunoni, kama mtu aliyejenga nyumba.

"Bila verni ya kupaka juu, jua itarudisha manjano," alisema. "Miezi kidogo tu. Lakini kesho zitaona."

Kesho yake tulifika bariere asubuhi, mashangazi wakiimba, masufuria yangu yakigongana nyuma. Basoda hawakucheka. Mkubwa wao aliizunguka gari polepole, akapitisha kidole juu ya taa.

"Muzee, kumbe gari iko muzima! Ulikuwa unatudanganya?"

Wakatuambia tushuke. Papa aliomba, jamani, aliomba sana. Wamuache anifikishe tu, wachukue gari akirudi. Wakamwambia aketi kwenye usukani, kuna mizigo ya kupandisha milimani. Shangazi mkubwa akalala barabarani mbele ya magurudumu, wakamvuta kwa mikono, wakamtupa kando.

Papa akanitazama dirishani. Nilikuwa nalia, poda yote imeharibika.

"Pangusa uso," alisema. "Mutembee upesi, jua iko inapanda. Nitawakuta."

Niliingia kwa mume wangu kwa miguu, nimejaa vumbi, masufuria kichwani mwa mashangazi. Bakwe walitupokea kwa nyimbo, lakini walipoona nyuso zetu nyimbo zikakatika. Hakuna aliyeuliza nimeletwa na gari gani.

Watu walileta habari. Mmoja alimuona Papa njia ya Fizi, amebeba magunia. Mwingine alisema yuko mbali zaidi, kwenye nyanda za juu, amekonda lakini yuko mzima. Mama aliweka chakula chake kila jioni, bukari ya muhogo na ndagala za ziwani, akifunika kwa sahani. Nikajifungua mtoto wa kwanza. Nikasema, akirudi atamkuta anatembea.

Mtoto alikuwa bado mgongoni nilipopanda Fizi kuuza ndagala. Nikasikia gari inakuja, watu wakakimbilia pembeni. Ilikuwa nyeupe, imejaa basoda mpaka juu. Niliitambua kwa mkwaruzo wangu kwenye taa ya kushoto. Nikaacha kapu, nikakimbia mbele, nikaita, "Papa! Papa!"

Shofere akageuka. Alikuwa kijana, simjui. Akapiga honi nitoke njiani.

Nilibaki nimesimama kando ya barabara, mtoto analia mgongoni. Gari ilipita karibu yangu kabisa, na taa niliziona vizuri. Manjano ilikuwa imerudi, kama Papa alivyosema. Yeye hapana.