Siku Tuliyohama Upande

Baada ya mavuno, kwetu Kakese huwa na ngoma za mashindano. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja kwenye mwisho wake wa uwanja, na hakuna majaji. Watazamaji huhukumu kwa miguu: wanakojaa, huko ndiko kwenye ushindi. Wazee wetu walikuja na utaratibu huo kutoka Usukumani, pamoja na ng'ombe wao. Upande unaurithi kwa baba. Mama yangu, Mpimbwe mwenyeji wa hukuhuku na Mkatoliki wa kweli, hakuchagua upande; alikuwa akisema dini moja inamtosha.

Baba alipiga ngoma kubwa ya upande wetu miaka mingi, mpaka mabega yakamgomea. Mwaka huu ndio kwanza amekaa na watazamaji, na kikundi chetu kilikuwa kimeshindwa misimu miwili mfululizo. Jambo hilo lilimnyima raha kabisa. Nikafunga duka langu mjini Kashaulili, nikamfuata uwanjani. Alinipokea kwa onyo.

"Leo hakuna kuhama, mwanangu. Hata wakileta tembo anayecheza, wewe kaa hapahapa."

Nikaapa. Mimi ni mtu wa kiapo, lakini macho pia ninayo.

Saa tisa alasiri upande wa pili ukalipuka kwa vicheko. Jirani akaniambia kuna mzee anacheza na jembe kichwani huku anafungua vifungo vya shati, kimoja kimoja, na jembe halitikisiki. Nilivumilia vifungo vitatu. Baba sikumwona karibu. Nikadhani ameenda kujisaidia. Nikashusha khanga mpaka kwenye nyusi, nikavuka uwanja haraka kama mwizi wa kuku.

Mzee yule alikuwa ameshatoa mkono mmoja. Nikapenya watu hadi mbele, na aliyekuwa mbele kuliko wote, akipiga makofi huku kofia ameificha kwapani, alikuwa baba.

Tukatazamana. Niliona aibu, kisha nikaona yake ni kubwa zaidi, nikacheka hadi machozi. Nyuma yetu uwanja mzima ulikuwa unakuja. Watu walikuwa wamemwona mpiga ngoma mkongwe akivuka. Kama yeye amehama, wao ni nani wabaki?

Sijawahi kumpenda baba kama nilivyompenda siku hiyo.

"Baba," nikamnong'oneza, "tumeshindwa tena, na safari hii ni kwa sababu yako."

"Najua," akasema, bila kugeuza shingo. "Nyamaza kwanza, bado mkono mmoja."