Korongo wa Mstari wa Tatu

Desemba ikiingia katika mji wetu wa kando ya mto uitwao Kama, wacheza baleti hugeuka punda wa dobi. Mchana wanawachezea watoto wenye mikono inayonata maji ya chenza, jioni wanawachezea wazazi wao, na katikati wanalala sakafuni, miguu juu ya kiti, wakitafuna mkate. Taisia Kolegova aliishi hivyo miaka kumi na minane, na miaka yote hiyo alikuwa korongo wa mstari wa tatu, mmoja wa wale ndege wa kijivu wanaocheza nyuma. Mtazamaji aliyemjua kwa jina alikuwa mama yake tu, naye alikuwa anachanganya mistari.

Kwetu mcheza baleti hustaafu mapema, na Taisia alibakiza msimu mmoja. Alitamani kitu kimoja: acheze Korongo Mkuu, mbele, peke yake. Sehemu hiyo alikuwa ameijua siku nyingi, akiifanyia mazoezi jikoni kwake mpaka jirani wa chini akagonga dari.

Siku moja alikuwa ameketi kwenye ngazi, akiviponda kwa nyundo viatu vyake vipya ili visigonge jukwaani kama kwato, mwalimu wao Rimma Arkadyevna alipomsimamia kichwani.

"Vasilisa kashikwa na homa. Jioni unacheza Korongo Mkuu."

"Mimi?"

"Kuna mwingine hapa? Ukipendeza, utamaliza msimu na sehemu hiyo. Funga mdomo, nzi ataingia."

Taisia aliganda, nyundo mkononi. Furaha ilichelewa kufika. Kwanza ulikuja mshituko.

Jioni wakamvika nguo nyeupe, wenzake wakiwa na zao za kijivu. Nafasi yake mstarini ikaachwa wazi, maana wa akiba naye alikuwa kitandani anaharisha. Nyuma ya pazia, Nonna, rafiki yake wa mstari uleule, akamtia goti la makalio, ndiyo dua yetu wacheza baleti.

"Usitutie aibu, bibi mkubwa," Nonna akamwambia.

"Nenda kwa shetani," Taisia akajibu, kwani dua hiyo hujibiwa hivyo ili isiharibike.

Mpango haukuwa mgumu. Makorongo wa kijivu wanatangulia, wanasimama, wanainamisha vichwa. Ndipo Korongo Mkuu anatoka, taa yote ni yake. Filimbi zikaanza. Makorongo wakatoka mmoja mmoja, na Taisia, ambaye miguu yake ilikuwa imezisikia filimbi zile miaka kumi na minane, akatoka nao. Hakufikiri chochote. Akajipanga mstari wa tatu, kati ya Nonna na korongo mwingine, akainamisha kichwa vizuri kabisa.

Taa ikawaka mbele ya jukwaa, ikamulika mbao tupu.

Taisia akajiuliza ni mpumbavu gani aliyechelewa. Kisha akaona mkono wake mweupe katikati ya mikono ya kijivu, damu ikamwisha mwilini. Hakuwahi kuogopa vile, hata siku aliyomzika baba yake.

"Taisia, wewe ndiye mkuu," Nonna akasema bila kufungua meno. "Toka."

"Siwezi. Nimeharibu."

"Tunakupisha. Toka, ng'ombe wewe."

Nonna akarudi nyuma hatua moja, mwenzake naye akarudi. Mstari wa pili ukasikia, ukaachana. Wa kwanza vilevile, mpaka ikapatikana njia katikati ya mabawa. Taisia akapita humo akitetemeka, na watu wakadhani kutetemeka kule ndiyo baleti yenyewe. Ukumbi ukalipuka kwa makofi kabla hajaruka hata mara moja. Kuanzia hapo alicheza kama mtu aliyenusurika kugongwa na gari. Pazia liliposhuka walimwita tena na tena, na Nonna alikuwa analia waziwazi.

Rimma Arkadyevna akamkuta anafuta rangi usoni.

"Ule mwanzo, ulikuwa umekusudia?"

"Hapana, Rimma Arkadyevna. Nisamehe. Nilisahau mimi ni nani."

"Nilijua. Lakini ni mzuri. Mkuu anazaliwa kutoka kwa wenzake. Miaka mingi mchezo ulikuwa unakosa hicho. Tutaubakiza."

Taulo likamponyoka Taisia.

"Homa ya Vasilisa imeshuka," mwalimu akaendelea, akimwokotea taulo lililoanguka. "Kesho mchana atatoka hivyohivyo, mstari wa tatu. Wewe na Nonna, kando yake, ndio mtafungua njia. Wewe utasimama alipokuwa yule wa upande wa pili, maana unajua ilivyokwenda. Na kule kutetemeka, umwonyeshe. Yeye hatetemeki vizuri."

Taisia alimtazama kwenye kioo. Nusu ya uso wake mwenyewe ilikuwa bado nyeupe. Alikuwa na maneno mengi ya kumtupia, ya miaka kumi na minane, yote yakiwa tayari ulimini.

"Nije saa ngapi kumwonyesha?" akauliza, kisha akaziba mdomo kwa taulo, asiamini kwamba sauti ile imetoka kwake.