Mama Alipoanguka, Jirani Walicheka

Kila asubuhi, nikishamwamkia na yeye akishaitikia, mama alikuwa na swali lake moja: "Na kazi utapata lini?" Mimi, mtoto wake wa kiume, muda huo nimeshavaa kanga yake, nimejitanda ushungi, namsubiri mwenzangu aje na simu turikodi vichekesho. Nilikuwa naigiza bibi mmoja mlalamishi, ambaye kwake kila kitu ni msiba. Kuku akipotea tu, anatoka mbio hadi njiani, mikono kichwani: "Yarabi, njooni, nimekwisha!"

Kijiji chetu kizima cha Wawi kilimjua bibi huyo. Hata msikitini, nikisimama kwenye safu, lazima pawe na mtu anayebana kicheko. Mama lilimuudhi sana hilo.

"Weye una mchezo, kazi huna," aliniambia. "Mtu wa kuchekwa nani atamsikiliza?"

Mwendo wa yule bibi nilikuwa nimeuchukua kwake yeye, na alijua.

Siku aliyoanguka, nilikuwa nafunga ushungi mbele ya kioo. Nikasikia kishindo jikoni. Nilimkuta kalala ubavu karibu na meko, mdomo umekwenda upande, jicho moja linanitazama. Nikamwita, hakujibu. Nilitoka mbio hadi njiani, na kanga yake mwilini, mikono kichwani.

"Njooni! Mama kaanguka! Njooni!"

Watu wakacheka.

Sijapata kuogopa vile maishani mwangu. Kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyozidi kushika mbavu. Mmoja akatoa simu anirikodi. "Leo umetia chumvi, yakhe!" akasema. Nikautupa ushungi, wakacheka zaidi. Nikalia machozi ya kweli, na hayo pia wakayapigia makofi. Nilijisikia mwenyewe: sauti ilikuwa ile ile ya bibi, sikuwa na nyingine ya kuitia watu. Niliona mama atakata roho kwa sababu ya vichekesho vyangu.

Aliyetuokoa ni jirani yetu, mwanamke wa makamo. Alisimama ghafla, akanusa.

"Mbona wali unaungua?" akauliza. "Mamake huyu haunguzi wali. Hapana, si bure!"

Akanipita mbio kuelekea jikoni kwetu. Kicheko kikakatika. Aliyekuwa anarikodi ndiye aliyekwenda kutafuta gari, na tukampeleka mama hospitali, mjini Chake Chake.

Ilikuwa kiharusi. Siku za mwanzo nilikesha kwenye baraza ya wodi, sikuthubutu kulala. Nikiruhusiwa kuingia nikamwona katulia sana, naweka kiganja karibu na pua yake. Vichekesho niliviapia kwamba basi tena. Maneno yalipoanza kumrudia, mazito na ya kukatika, wanawake wa wodini nao walikuwa wameshanitambua. Saa ya kuwatazama wagonjwa, mmoja wao, amelazwa kitanda cha pili, akaniomba: "Mwanangu, hebu tufanyie yule bibi kidogo. Hapa pamezidi uchungu."

Nikamwambia hapana, mama anaumwa. Nikashangaa kusikia sauti ya mama nyuma yangu.

"Wafanyie," alisema. "Si ndo kazi yako?"

Kazi. Hakuwahi kuiita hivyo. Nilichukua kanga iliyokuwa miguuni pake, nikajitanda, nikaanza kuchechemea katikati ya vitanda namtafuta kuku wangu. Wakacheka, hata mgonjwa mmoja ambaye tangu jana yake alikuwa amegeukia ukutani. Lakini nilipofika pale pa kuita watu, nikaikumbuka siku ile njiani. Nikasimama na mikono kichwani, neno halitoki.

"Yarabi, njooni," mama akasema kitandani, taratibu, "nimekwisha."

Wodi nzima ikaangua kicheko. Mimi nilimrukia, nikamshika mkono, namkodolea macho usoni, kwani sikujua kama anaigiza au anaita kweli.